Lita 12 au lita 15? Hewa inaniishia kabla ya wenzangu

BARUA

Mwalimu, shikamoo.

Nyumbani kwetu pana ubishi ambao nimeshindwa kuumaliza, nimeona bora nikuletee wewe. Mwezi wa 11 mimi na mke wangu tunakwenda Misri na kundi la marafiki, wiki nzima kwenye boti ya kulala humo humo, Bahari ya Shamu. Ratiba ni visiwa vya Brothers, mwamba wa Daedalus, halafu Elphinstone. Vyeti vya uzamiaji tunavyo, na zile mbizi 50 wanazozidai kabla ya kukuruhusu maeneo yale tumeshazivuka wote wawili.

Tatizo ni mimi. Nina kilo 96 na hewa inaniishia mapema. Mwezi uliopita tulikuwa Mnemba, kule Zanzibar. Tuliingia majini kila mtu ana baa 200 (baa ni kipimo cha mgandamizo wa hewa mtungini), kina cha wastani kwenye kompyuta yangu ya kuzamia kilikuwa mita 15. Dakika ya 31 geji yangu inasoma baa 50, ya mke wangu baa 105, na kiongozi akatupandisha wote. Mitungi ilikuwa ile ya alumini ya kawaida. Marafiki wameshanibandika jina: Kompresa, ile mashine ya kujazia hewa. Nacheka nao, lakini ukweli linaniuma, maana watu wamelipa pesa zao halafu mbizi inakatishwa kwa ajili yangu.

Sasa fomu ya boti inatuuliza: mtungi wa lita 12, ambao umo ndani ya bei, au wa lita 15 kwa kuongeza pesa. Pia inauliza kama tunataka nitroksi, ile hewa iliyoongezewa oksijeni. Rafiki mmoja anasema chukua 15 ufunge mjadala. Wa pili anasema 15 ni mzigo mtupu, utanivunja mgongo na kunizamisha. Wa tatu anasema nisipoteze pesa, nichukue nitroksi, hewa itadumu. Na ikinipungukia nivute regileta (kifaa cha mdomoni cha kuvutia hewa) ya akiba ya mke wangu zile dakika kumi za mwisho, ati Misri ndivyo wanavyofanya.

Mke wangu naye ana lake. Yeye ni mdogo wa mwili, hewa humbakia kila mara, na mtungi unamuumiza kiuno akitembea nao. Anauliza kama aombe wa lita 10.

Tunasubiri neno lako kabla hatujarudisha fomu.

Kompresa, Dar es Salaam

JIBU

Marahaba, bwana Kompresa.

Wewe chukua 15. Mkeo abaki na 12. Nitroksi chukueni wote wawili, ila si kwa sababu aliyokupa rafiki yako. Na huyo aliyekushauri uvute hewa ya mkeo, usimsikilize kwa hilo hata kama kwa mengine ni mtu wa maana.

Uzuri wa barua yako ni kwamba umeniletea namba. Wengi huniandikia "napumua sana" wakaishia hapo. Tuzitumie basi. Mtungi ule wa alumini unaoitwa "lita 12" kwenye vituo vyetu vingi si wa lita 12. Utazame begani, ukikuta pamechongwa S80 au 3AL3000, ujue ndani yake ni lita 11.1. Kwenye boti za Misri nako mara nyingi hukuta huo huo. Ulitumia baa 150. Zidisha kwa 11.1, unapata lita 1,665. Gawa kwa dakika 31, ni kama lita 54 kwa dakika. Lakini ulikuwa mita 15, ambako mgandamizo ni mara mbili na nusu ya huku juu, kwa hiyo gawa tena kwa 2.5. Jibu ni lita 21 na nusu kwa dakika, kama ungekuwa umekaa juu ya maji. Mkeo, kwa hesabu hiyo hiyo, anatumia lita 13.6.

Lita 21 kwa mtu wa kilo 96 si aibu. Mwili mkubwa una mapafu makubwa na misuli mingi ya kulisha. Hao wanaokuita Kompresa waulize wana kilo ngapi.

Sasa tuipeleke namba hiyo Brothers. Kule mnazamia ukutani, na wastani wa mita 18 ni jambo la kawaida. Mgandamizo hapo ni 2.8, kwa hiyo wewe utatumia lita 60 kwa dakika. Kwa mtungi wa lita 11.1 uliojazwa baa 200, ukirudi na 50, unapata dakika 27 na kidogo. Kwa wa lita 15, baa zile zile, unapata dakika 37. Mkeo na mtungi wake wa kawaida anapata dakika 43. Umeona? Hata ukibeba 15 bado yeye anakushinda, lakini pengo linakuwa dogo kiasi kwamba halimkatishi mtu mbizi yake. Tena boti nyingi za kule zimeweka kikomo cha dakika 60 kwa kila mbizi, kwa hiyo si kwamba wenzako watakaa chini milele wakikusubiri.

Hesabu hizo nimezifanya kwa baa 200 kamili, na hapo nikutahadharishe. Kwenye boti ya kulala mtungi wako hauondoki mahali pake wiki nzima. Una nafasi yako kwenye benchi la sitaha ya nyuma, jaketi la kuelea limefungwa kwenye mtungi tangu siku ya kwanza, na mkitoka majini unafungua regileta tu, kijana anapita na mpira wa kompresa anajaza hapo hapo. Wazamiaji ishirini, mbizi tatu au nne kwa siku, na kila mtu anataka mtungi umejaa kabla chai haijapoa. Wakijaza kwa haraka mtungi hupata moto, geji inasoma 210, mtungi ukipoa unashuka hadi 190. Kwa mtu wa matumizi yako, baa 10 za mtungi wa 15 ni dakika mbili na nusu. Kwa hiyo kila kabla ya kuvaa, washa, soma geji, na ukikuta 180 sema pale pale kwa sauti ya kawaida. Hawachukii. Wanachukia ukilalamika siku ya mwisho.

Nitroksi sasa. Nitroksi haipunguzi hata lita moja ya hewa unayovuta. Mapafu yako hayajui kama ndani mna oksijeni asilimia 21 au 32, yanavuta kiasi kile kile. Inachobadilisha ni naitrojeni inayoingia mwilini, ile inayoumiza mtu akipanda nayo nyingi. Ukiwa mita 25 na mchanganyiko wa asilimia 32, mwili unapokea naitrojeni sawa na aliye mita 20 na hewa ya kawaida. Kwenye jedwali la hewa la PADI (shirika la mafunzo ya uzamiaji), mita 25 unaruhusiwa dakika 29 kwa mbizi ya kwanza. Mita 20 ni dakika 45. Tofauti hiyo ndiyo unayoilipia.

Na wewe utaihitaji kuliko ulivyozoea. Hadi leo mtungi mdogo ulikuwa unakuchunga. Hewa iliisha kabla naitrojeni haijawa tatizo, ukapandishwa, ukanuna, lakini ukawa salama. Ukishabeba 15 mlinzi huyo hayupo tena. Utakuwa na hewa ya kukaa mita 28 mpaka kompyuta ianze kukudai vituo vya kupandia (kusimama njiani ili naitrojeni itoke), na hiyo ni mbizi ya kwanza tu ya siku, bado mbili. Daedalus ndiko kwenye mtego hasa. Mwamba uko peke yake katikati ya bahari, umbali wa kilomita 80 hivi kutoka pwani, ukuta unashuka kusikoonekana mwisho, na papa pingusi wanaofuatwa na kila mtu hupenda kupita chini kidogo ya pale ulipo. Unashuka mita mbili kuwaona, nao wanashuka. Kwa asilimia 32 kikomo chako ni mita 33, ukichukua kipimo cha baa 1.4 za mgandamizo wa oksijeni. Chini ya hapo hatari ya oksijeni yenyewe kukugeukia sumu inapanda. Kiweke kwenye kompyuta kabla ya kila mbizi, baada ya kupima mtungi wako kwa mkono wako mwenyewe na kutia sahihi daftarini. Usikubali kupimiwa.

Nije kwa suala la kuvuta hewa ya mkeo. Ni kweli kuna viongozi, kule na hata kwetu, wanaofanya hivyo ili kundi libaki chini. Mimi sikubaliani nao kabisa. Ile hewa inayombakia mkeo haijabaki bure. Ni akiba ya watu wawili, siku regileta yako itakapoanza kumwaga au mpira utakapopasuka. Tuihesabu. Mko mita 25, wewe huna hewa, mmeshikana. Kwa hofu chukulia kila mmoja anavuta lita 30 kwa dakika, jumla 60. Dakika moja ya kutulia na kupeana regileta pale chini: lita 210. Kupanda taratibu kwa dakika tatu: lita 405. Kusimama dakika tatu kwenye mita 5: lita 270. Jumla ni lita 885.

Kwenye mtungi wa lita 11.1 hizo ni baa 80. Kwenye wa lita 10 ni karibu baa 90. Kwenye wako wa 15 ni baa 59.

Ndiyo maana namkatalia mkeo lita 10. Kwa kupumua kwake peke yake ungemtosha, dakika 39 kwa ile hesabu ya mita 18, wala asingelalamika. Lakini yeye hazamii peke yake, anazamia na wewe, na wewe ndiye mwenye mapafu makubwa. Mtungi wake ndio unaokutegemeza. Ukishamtoa kwenye 12 ukampeleka kwenye 10, umekata akiba yako wewe kwa faida ya kiuno chake, na kiuno kina dawa nyingine nitakayoitaja.

Kutokana na hesabu hiyo wekeaneni sharti: geji yake ikisoma 80 au yako 60 mkiwa bado mita 25, mnaondoka pale chini. Sijasema mtoke majini. Pandeni mfuate ukuta hadi mita 12, hadi 8, mmalizie juu ya mwamba ambako kwa kweli ndiko kwenye samaki wengi na mwanga mzuri. Hapo hewa inakwenda polepole, na ile 50 ya mwisho mnaifikia mkiwa tayari mita 5.

Rafiki yako wa uzito ana hoja nusu. Swali la kumuuliza mwenye boti ni kama mitungi yake ya 15 ni ya chuma au ya alumini, kwa maana majini ni viumbe viwili tofauti. Ule wa alumini uliouzoea, ukijaa unazama kidogo, ukikaribia kwisha unaelea kwa kilo moja na nusu hadi mbili, ndiyo sababu mwisho wa mbizi unajiona miguu juu. Wa chuma wa lita 15 kwa kawaida unabaki mzito hata ukikauka. Ukivaa wa chuma na risasi (vile vipande vya uzito vya kiunoni) zile zile za Mnemba, rafiki yako atakuwa amesema kweli: utazama, utajaza jaketi upepo, utapiga mapezi muda wote, na hewa yote ya ziada uliyoilipia itaishia kwenye kujibeba. Punguza kilo mbili kwanza, halafu upime.

Lakini usipunguze kwa kukariri, kwa sababu kuna vitu viwili vinavyovuta upande wa pili. Mwezi wa 11 maji ya kule huwa nyuzi 25 hivi, na mbizi za asubuhi mfululizo zinakupoza. Ile suti ya milimita 3 ya huku haitoshi, vaa ya 5, na ya 5 inaelea zaidi. Pia Bahari ya Shamu ina chumvi kuliko yetu, gramu 40 kwa lita dhidi ya 35, nayo inadai karibu nusu kilo ya risasi kwa mtu wa mwili wako. Karibu kila boti hufanya mbizi ya kwanza mahali patulivu karibu na pwani kwa ajili ya kupima mambo haya. Watu wengi huichukulia kama matembezi. Wewe usifanye hivyo. Mwisho wa mbizi hiyo, ukiwa na baa 50, toa upepo wote kwenye jaketi ukiwa mita 5. Ukitulia hapo hapo bila kupiga pezi, umepata. Ukizama, toa risasi. Nimeona watu wanaotumia lita 22 wakishuka hadi 18 kwa kutoa kilo tatu tu za risasi zisizo na kazi. Sikuahidi hilo, ila ukilipata litakusaidia kuliko mtungi wowote.

Uzito juu ya sitaha usiuogope. Huutembezi kama kwenye mchanga wa Mnemba. Unakaa kwenye benchi, unajifunga umekaa, baharia anakushika mtungi kwa nyuma unasimama, hatua chache uko kwenye ngazi au kwenye boti ya mpira. Kurudi, Brothers na Daedalus aghalabu mnaokotwa na boti ya mpira: unampa baharia risasi, unavua jaketi majini, anauvuta mtungi yeye, halafu unapiga mapezi ujitupe ndani. Na hii ndiyo dawa ya kiuno cha mkeo. Aseme siku ya kwanza kwamba ana shida ya kiuno, wamshushie vifaa majini avalie humo. Ni jambo wanaloombwa mara nyingi. Kama kiuno kinauma hata akiwa hajabeba kitu, hilo ni la daktari kabla ya safari, na barua ya kuruhusiwa kuzamia.

Jambo la mwisho ni la fundi. Mtungi wa 15 mara nyingi ni mnene kuliko ule wa alumini, sentimita 20 hivi dhidi ya 18. Mkanda wa jaketi lako ukiwa umeshafika mwisho kwenye mtungi wa kawaida, huko hautafika. Ujaribu nyumbani, au nunua mkanda mrefu, bei yake si kubwa. Hukuniambia regileta zenu ni za kubana kwa juu au za kupachika kwa skrubu. Vali nyingi za kule zinakubali zote mbili kwa kutoa au kuweka kipande cha kati, lakini uliza.

Mwandikieni mwenye boti leo, kwa maneno mafupi: "Naomba mtungi mmoja wa lita 15 kwa wiki nzima na mmoja wa lita 12. Wa 15 ni wa chuma au alumini? Mnajaza baa ngapi? Nitroksi inajazwa kwenye wa 15 pia, na ni kwa bei gani? Vali ni za aina gani?" Msingoje kufika bandarini. Boti huwa na mitungi michache tu ya 15, na kila kundi lina Kompresa wake.